Mituba, Nyuki na Sisi Wapangaji wa Kisugu



Kamati imeamua ukumbusho wa mwaka huu uache kitu ardhini, na vijana wa kujitolea wamechagua kipande cha mimea ya asili kwa ajili ya nyuki. Akina mama waliuliza: mbona si sukuma wiki? Swali lao ni la haki, ndiyo maana nimeombwa kueleza historia.

Shamba la Mganda wa zamani lilikuwa na migomba, mibuni chini yake, na katikati mituba, ule mti wa kitambaa cha gome ambacho UNESCO ilikitangaza urithi wa binadamu mwaka 2005. Kahawa ya robusta ni mzawa wa misitu ya huku, wala haikuletwa na Mzungu. Ua lake halizai kwa chavua ya mti wake wenyewe; lazima upepo au mdudu alete ya mti mwingine.

Mkongo mwenzetu, Théodore Munyuli wa Lwiro, Kivu ya Kusini, aliwachunguza nyuki wa mashamba hayo, akatoa tasnifu yake Makerere mwaka 2010. Aliona kwamba mibuni iliyo karibu na msitu huzaa vizuri kuliko iliyo mbali. Nyuki wa porini wengi hawana mzinga. Hukaa mmoja mmoja ndani ya udongo au vijiti vikavu. Kwa hiyo vijana wameambiwa wasifagie kila kona, jambo ambalo majirani wameliona kuwa uvivu.

Basi kwa nini hatupandi mituba, ambayo huota kwa kuchomeka tawi tu? Kwa desturi ya Buganda, anayepanda mituba anaonyesha kwamba kibanja ni chake, na sheria ya Busuulu na Envujjo ya 1928 ilimlinda mwenye kibanja asifukuzwe ovyo. Sisi ni wapangaji. Mwenye kiwanja alipoona tawi la mtuba mkononi mwa kijana alikataa kabla hatujamsalimia vizuri, nami simlaumu.

Tulikubaliana mululuza, ambao kwetu Kivu ni mubirizi. Sere tumeiacha pembeni, ingawa asili yake ni Amerika, kwa kuwa nyuki wanaipenda. Kuhusu musambya mmoja, mzee bado anafikiri.

Kazi ni Jumamosi asubuhi. Maji tunanunua kwa jerikeni, na mfuko wa Kamati hauna kitu. Mwenye jerikeni asiyoitumia aje nayo.