Haluli na kifafa cha mimba: dawa iliyotangulia maelezo yake

Misheni ya Peramiho, mkoani Ruvuma kusini mwa Tanzania, iliyoanzishwa na Wabenediktini wa Ujerumani mwaka 1898, ilichomwa moto katika Vita vya Majimaji mwaka 1905. Mwaka uliofuata, huko kwao Ujerumani, daktari mmoja alijaribu kutibu kifafa cha mimba kwa magneziamu salfeti, yaani haluli. Leo mkunga wa Ruvuma akimpokea mjamzito mwenye degedege, dawa anayoanza nayo ni hiyo hiyo.

Kwamba inatuliza, ilijulikana. Sababu ilichelewa, na njia ya kuifikia ilianzia kwenye moyo wa chura. Jijini London, daktari Sydney Ringer alikuwa akiuweka hai ndani ya maji ya chumvi. Mwaka 1883 alieleza kwamba uliendelea kudunda kwa sababu msaidizi wake alitumia maji ya bomba, yenye kalsiamu. Kwenye maji yaliyosafishwa, ulizimika.

Kumbe kalsiamu haijengi mifupa tu, hubeba pia ujumbe. Ndani ya seli ya ubongo iliyotulia ni haba, takriban mara 10,000 pungufu ya iliyo nje. Seli ikisisimuliwa, milango ya utando wake hufunguka na kalsiamu humiminika ndani. Mpokeaji wake alijulikana karibu na mwaka 1970, pale Wai Yiu Cheung nchini Marekani na Shiro Kakiuchi nchini Japani, kila mmoja kivyake, walipogundua protini iliyokuja kuitwa kalmodulini. Hunasa chembe nne za kalsiamu, hubadili umbo, kisha huamsha vimeng'enya vinavyoimarisha mawasiliano ya seli. Kujifunza na kukumbuka hutegemea kazi hiyo.

Mwaka 1984 watafiti walionyesha kuwa magneziamu huziba mmojawapo wa milango hiyo ya kalsiamu. Haluli ikapata sehemu ya maelezo yake, ingawa inaaminika pia kulegeza mishipa ya damu. Mkunga hukagua pumzi, mkojo na mshtuko wa goti ili kuhakikisha dawa haijazidi. Ikizidi, mgonjwa huchomwa kalsiamu glukoneti.

Hata hivyo, madaktari wengi wa Uingereza waliendelea kupendelea diazepamu. Kilichowageuza ni utafiti wa mwaka 1995 uliohusisha wanawake wapatao 1,680 katika nchi kama Uganda, Zimbabwe na India: magneziamu ilipunguza degedege za kujirudia kwa asilimia 52 ikilinganishwa na diazepamu. Safari hii Ulaya ndiyo iliyojifunza kutoka wodi za wazazi za Afrika.