Redio Zilichomwa, Sauti Ikahamia Kwenye Simu

Leo tunakumbushana historia ambayo wengi wetu tuliipita tukiwa bado tumeshikwa mkono na mama: historia ya waandishi wa habari wa Burundi waliokimbia kama tulivyokimbia sisi.

Kabla ya 2015, redio kwetu ilikuwa ndiyo kila kitu. Kulikuwa na RPA iliyoanza 2001, Isanganiro na Bonesha FM. Mkurugenzi wa RPA, Bob Rugurika, alipotoka gerezani Februari 2015, watu walijaa barabarani kumpokea. Yaani mwandishi alipokelewa kama vile timu imerudi na kombe!

Miezi mitatu baadaye mambo yakageuka. Tarehe 13 Mei 2015, Jenerali Niyombare alitangaza redioni kwamba Rais Nkurunziza ameondolewa. Mapinduzi yakashindwa. Ndani ya siku hizo mbili redio zilishambuliwa, RPA ikachomwa. Hata Rema FM, iliyokuwa karibu na chama tawala, haikupona. Waandishi wengi wakavuka mpaka, wengi wao wakaenda Kigali.

Huko hawakukaa kimya. Wakaanzisha Inzamba, na RPA ikawa na kipindi cha Humura, maana yake usiogope. Tena SOS Médias Burundi ikawa inatoa habari kwenye mitandao ya kijamii. Lakini kazi ilikuwa ngumu. Bibi kijijini ana redio ya betri, hana bando la intaneti. Halafu mwandishi aliye mbali haoni kwa macho yake, anamtegemea mtu aliyebaki, na aliyebaki ndiye anayebeba hatari. Jean Bigirimana wa gazeti la Iwacu alitoweka Julai 2016, na mpaka leo hajapatikana.

Na ukimbizini wewe ni mgeni. Februari 2021 ilijulikana kuwa mahakama ya juu ya Burundi imewahukumu kifungo cha maisha waandishi kadhaa, wenyewe hawapo. Mwezi uliofuata, Rwanda na Burundi zikianza kupatana, RPA, Inzamba na Renaissance ziliambiwa zisitangaze tena kutoka Rwanda. Wenye nyumba wakipatana, mgeni anaambiwa apunguze sauti.

Kwa nini tunawaandikia haya? Kwa sababu kuna mwaka kambini kwetu ilizunguka sauti ya WhatsApp isiyo na jina wala tarehe, ikisema kambi inafungwa Ijumaa. Jirani yetu mmoja, mama wa watoto wanne, akauza sufuria na mabati kwa bei ya kutupa. Ijumaa ikafika, hakuna kilichofungwa. Mvua ikamkuta chini ya turubai.

Hapo ndipo tulipoelewa kilichochomwa mwaka 2015. Siyo mitambo tu. Zamani ulijua nani anasema, ofisi yake iko wapi, na akikosea utamkuta wapi. Kwenye simu, sauti ya mwandishi aliyehatarisha maisha na sauti ya mwongo zinaingia kwa mlango mmoja.

Basi vijana wenzetu, kabla ya kutuma, tuulize: nani amesema? Lini? Amejuaje? Lakini tusitoe jina la mtu aliyeko nyumbani ili tu kuthibitisha, maana tutamweka hatarini. Nanyi wa mashirika, habari ya kambi mkiijua, ituambieni mapema na kwa lugha zetu. Mkinyamaza, uvumi unapata kazi.

Waandishi wetu walipoteza nyumba kwa ajili ya habari ya kweli. Sisi tunaombwa dakika mbili tu, kabla ya kubonyeza.