Elimu Ifuatayo Mtu Kazini

Wewe msomaji uketiye leo darasani, mwalimu yu mbele yako na wenzako wako kandokando yako, huenda ukadhani kwamba siku utakapofunga vitabu vyako vya shule utakuwa umefunga pia mlango wa kujifunza. Dhana hiyo si ya kweli. Kazi yoyote utakayoishika, iwe ya uuguzi, ya ualimu, ya ukarani au ya ufundi wa mitambo, itakudai elimu mpya kila baada ya muda, maana vyombo vya kazi havikai vile vile, wala maarifa hayasimami mahali pamoja. Walakini siku hizo hutaweza kuiacha kazi yako na jamaa zako wakutegemeao, ukarudi kuketi darasani kama uketivyo sasa. Ndipo linapozuka swali hili: Je, yawezekana elimu imfuate mtu kazini, badala ya mtu kuifuata elimu chuoni?

Watu wengi siku hizi hujibu kwamba yawezekana, tena kwa urahisi. Masomo hupelekwa kwa njia ya intaneti, mfanyakazi akayasoma katika kompyuta au simu yake, akajibu maswali, na mwisho akapata cheti. Wako wanaoisifu njia hii kupita kiasi, na wako wanaoibeza kama mchezo. Hatuwezi kuipima kwa haki mpaka tuijue asili yake; kwa maana ukiona vyaelea, vimeundwa, na jambo hili lilianza kuundwa zamani sana kabla ya kompyuta kuwako.

Hapo kale mtu hakujifunza kazi mbali na kazi yenyewe. Katika mwambao wetu kijana aliyetaka kuwa fundi wa kuchonga milango huko Lamu, au wa kuunda majahazi huko Matondoni, alikwenda kwa fundi akawa mwanagenzi wake. Alitumwa, akatazama, akajaribu, akakosa, akasahihishwa, hata mkono wake ukazoea kazi kama wa mwalimu wake. Elimu ya namna hii ilikuwa na fadhila moja kubwa: kosa lilionekana pale pale lilipotendeka, na fundi aliweza kuushika mkono wa mwanafunzi na kuuongoza. Ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa pia: fundi mmoja aliweza kufundisha watu wachache tu, na aliyekaa mbali naye hakupata kitu. Tafadhali kumbuka fadhila hiyo na upungufu huo, kwani habari yote ifuatayo ni habari ya watu waliojitahidi kuuondoa upungufu, na mara nyingine wakaipoteza fadhila bila ya kujua.

Mwaka 1840 serikali ya Uingereza ilipunguza gharama ya posta, hata barua nyepesi ikaweza kupelekwa mahali popote katika nchi ile kwa peni moja. Mtu mmoja, Isaac Pitman, aliyekuwa amekwisha kutunga namna yake ya hatimkato mwaka 1837, alitambua kwamba posta yaweza kuwa darasa. Kutoka mji wa Bath aliwapelekea wanafunzi mazoezi ya hatimkato, nao wakayaandika na kumrudishia ili ayasahihishe. Sasa karani aliyekuwa mji wa mbali aliweza kujifunza kazi yake kwa mwalimu ambaye hakupata kumwona hata siku moja. Angalia vema, msomaji, kwamba Pitman hakupeleka mafunzo tu kisha akanyamaza. Alirudishiwa kazi na kuyasahihisha makosa. Hapo ndipo palipokuwa na roho ya shughuli yake.

Habari ya pili yatoka Marekani, nayo ina huzuni ndani yake. Mwaka 1869 moto uliwaka katika mgodi wa makaa ya mawe wa Avondale, katika jimbo la Pennsylvania. Mgodi ule ulikuwa na njia moja tu ya kutokea, na njia hiyo ndiyo iliyoshika moto. Watu 110 walikufa. Baada ya msiba huo sheria za kuwalinda wachimbaji zilitungwa, na hatimaye wasimamizi wa migodi wakatakiwa kushinda mtihani kabla ya kupewa kazi. Lakini mchimbaji ashindaye shimoni mchana kutwa angesomea wapi mtihani huo? Mwenye gazeti mmoja, Thomas J. Foster, alianza kwa kuchapisha maswali na majibu ya mambo ya migodi katika gazeti lake, na mwaka 1891 akaanzisha mjini Scranton masomo kamili yaliyopelekwa kwa posta. Mchimbaji alirudi jioni, akanawa masizi usoni, akawasha taa, akasoma habari za hewa mbaya ya mgodini na jinsi ya kuitoa. Kwa mtu huyu elimu haikuwa pambo. Ilikuwa kinga ya uhai wake na wa wenzake.

Shule ile ilikua upesi mno. Haikupita miaka mingi katika karne ya ishirini kabla ya wanafunzi walioandikwa kuhesabiwa kwa mamia ya maelfu, na masomo yakaenea hata ufundi wa umeme, uchoraji wa ramani za majengo na uwekaji wa hesabu. Walakini ilionekana dosari ambayo haijatoweka hata leo: wengi walianza, wachache walimaliza. Mtu alilipa ada kwa moyo wa furaha, akasoma daftari la kwanza na la pili. Kisha uchovu wa kazi ukamshinda, wala hapakuwa na mwenzake wa kumtia nguvu. Zaidi ya hayo, mawakala walizunguka kuwashawishi watu waandikishe majina, na wakala hupata faida yake siku mtu aandikwapo, si siku aelimikapo. Palipo na biashara ya namna hiyo, ahadi hukua kuliko matendo.

Sasa na tuje kwetu. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, wazazi walikuwa na shauku kubwa ya kuwasomesha watoto wao, lakini walimu wengi wa shule za msingi hawakuwa na mafunzo ya kutosha. Kuwaita wote waende vyuoni kwa pamoja kungekuwa ni kuzifunga shule. Kuwaacha walivyo kungekuwa ni kuwadhulumu watoto. Basi mwaka 1967 chuo kikuu cha Nairobi, ambacho wakati ule kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, kilianzisha idara ya masomo ya posta. Walimu walisoma madaftari waliyopelekewa, wakasikiliza mafundisho katika redio, na wakati wa likizo wakakutana na wakufunzi wao uso kwa uso. Katika mpango huo redio na posta zilishinda umbali, na makutano ya likizo yakarudisha ile fadhila ya fundi na mwanagenzi. Waliotunga mpango huo walikuwa na hekima.

Wakati huo huo chombo kipya kilikuwa kinatengenezwa ng'ambo. Mwaka 1960 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois walianza kufundisha kwa kompyuta kwa mpango walioupa jina la PLATO. Mwanafunzi aliandika jibu, na mtambo ukamjulisha kama amepata ama amekosa. Baadaye intaneti iliziunganisha kompyuta za dunia. Mwaka 2009 nyaya zilizotandazwa chini ya bahari zilifika Mombasa, na mawasiliano ya nchi yetu, ambayo zamani yalitegemea setelaiti, yakawa mepesi kuliko kwanza. Mwaka 2011 walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford walifungua somo moja la kompyuta kwa mtu yeyote atakaye, bila ya ada. Watu wapatao 160,000 walijiandikisha kutoka pande zote za dunia. Waliomaliza walikuwa zaidi kidogo ya 20,000. Unaona, msomaji, jinsi Scranton inavyojirudia? Chombo kimebadilika, binadamu hakubadilika. Kampuni iliyotokana na jaribio hilo iligeukia mafunzo ya wafanyakazi miaka michache baadaye, na tangu hapo biashara ya kuwafundisha watu kazini kwa njia ya intaneti imepanuka sana.

Hapa Kenya tunao mfano wetu wenyewe, nao wafaa kutazamwa kwa makini. Mwaka 2005 shirika la AMREF na Baraza la Wauguzi, pamoja na wengine, walianzisha mpango wa kuwainua kwa njia ya kompyuta wauguzi wapatao 22,000 waliokuwa na cheti, ili wapate stashahada. Fanya hesabu kidogo. Lau vyuo vingechukua wauguzi 500 kila mwaka, kazi hiyo ingemalizika baada ya miaka 44, na wengi wao wangekuwa wamekwisha kustaafu. Na hao 500 wangalitoka wapi? Wangetoka wodini, wakaacha vitanda vya wagonjwa bila ya mwangalizi, hasa katika zahanati za mbali ambako muuguzi mmoja ndiye daktari, ndiye mkunga, ndiye karani. Kwa mpango huu muuguzi alibaki kazini kwake, akasoma penye kompyuta kwa saa alizozipata, na mazoezi ya mikono akayafanya hospitalini mbele ya wazoefu. Maelfu ya wauguzi walifaidika.

Kutokana na habari hizi faida zaonekana waziwazi. Kwanza, kazi haisimami: mgonjwa hakosi muuguzi, wala mtoto hakosi mwalimu. Pili, somo moja huwafikia wengi bila ya kupungua. Aliye Lodwar hupata lile lile apatalo aliye Mombasa. Tatu, mwanafunzi hukiendea kitu kwa mwendo wake. Asiyeelewa husoma mara ya pili na ya tatu bila ya kuona haya mbele ya wenzake, jambo ambalo ni rehema kubwa kwa mtu mzima. Nne, maarifa yakibadilika, somo hurekebishwa upesi, wala hapana haja ya kungoja kitabu kipya kipigwe chapa.

Lakini kizuri hakikosi ila, na ila za jambo hili si ndogo. Ya kwanza ni kwamba mkono haufunzwi na macho peke yake. Mtu aweza kutazama picha mia za kupiga sindano, na bado mkono wake ukatetemeka mbele ya mgonjwa wa kwanza. Mtambo hujua kusahihisha jibu lililochaguliwa. Hauoni mshiko wa patasi uliokwenda upande. Ya pili ni upweke, ambao umewaangusha wengi zaidi kuliko ugumu wa masomo. Ya tatu ni ukosefu wa usawa. Shule zilipofungwa nchini mwezi wa Machi 2020 kwa ajili ya maradhi ya korona, ilidhihirika kwamba palipo na umeme na fedha za kununua data, masomo yaliendelea. Pasipo na vitu hivyo, palikuwa kimya. Mfanyakazi wa hali ya chini hupatwa na hayo hayo.

Iko ila ya nne isiyosemwa sana. Zamani mwajiri aliyetaka mfanyakazi wake aelimike alimpa ruhusa ya kwenda chuoni, na siku hizo zilihesabiwa kuwa siku za kazi. Leo baadhi ya waajiri humpa mtu somo la kompyuta na kumwambia alimalize, pasipo kumpunguzia kazi hata saa moja. Basi husoma usiku, naye amechoka. Au hubonyeza kurasa upesi upesi apate kufika mwisho. Hupata cheti, lakini hapati elimu. Cheti cha namna hii ni hatari kuliko kukosa cheti, kwa sababu asiyejua na anajulikana kuwa hajui hatakabidhiwa maisha ya watu. Bali asiyejua na cheti kinamshuhudia kuwa ajua, atakabidhiwa. Wakumbuke watu wa Avondale. Sheria iliyodai mtihani haikuwa na haja ya karatasi za mtihani. Ilikuwa na haja ya watu watakaojua la kufanya siku ya moto.

Hukumu yetu, basi, ni ipi? Historia haituambii tuikatae elimu ifuatayo mtu kazini. Pasipo hiyo, makarani wa Pitman, wachimbaji wa Scranton, walimu wa Kenya na wauguzi wetu wangalikosa nafasi waliyoipata. Wala haituambii tuipokee peke yake. Yatuonyesha kwamba posta, redio na intaneti zimefaa sana kila zilipoandamana na mwalimu wa kusahihisha, mwenzi wa kutia moyo, na mahali pa kufanyia mazoezi. Na kila vitu hivyo vilipoondolewa kwa kutafuta upesi au faida, wengi waliachwa njiani.

Siku yako itakuja, msomaji. Utapewa somo ulisome katika simu au kompyuta, peke yako, baada ya kazi. Usilidharau, nalo lisikudanganye. Mtafute mwenzako msome pamoja. Mtafute mzoefu mmoja akutazame unapojaribu kwa mikono yako, na umuulize pale usipoelewa, kwani asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na ukiwa wewe ndiwe mwajiri, wape watu wako saa za kusoma kama uwapavyo vyombo vya kazi. Kisha ufikapo ukurasa wa mwisho na cheti kikakujia, jiulize kwanza kama waweza kuifanya kazi ile mbele ya macho ya fundi. Na ikiwa huwezi, rudi ukajifunze.