Dawa Iliyouawa na Moto

Dawa mseto tunayomeza tukiugua malaria asili yake ni China, katika mmea wa jamii ya pakanga. Mwaka 1967 serikali ya huko iliwakusanya wataalamu watafute dawa, maana askari wa Vietnam Kaskazini walikuwa wakiteketea kwa homa msituni.

Mjini Beijing, Bibi Tu Youyou na wenzake waliujaribu mmea huo. Mara panya walipata nafuu, mara hawakupata. Bibi akarudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong, cha karne ya 4. Humo imeelekezwa mmea ulowekwe majini, ukamuliwe, maji yake yanywewe. Moto haukutajwa! Kumbe joto ndilo lililokuwa likiiua dawa. Akatumia etha, ambayo huchemka kwa nyuzi 35 tu. Oktoba 1971 panya wote wakaondokewa na vimelea.

Nina hofu kwamba sisi, tukimwendea mganga wetu, huishia kumwuliza jina la mti, tusimwulize anavyouandaa.

Mwaka 1972 Bibi Tu aliinywa dawa hiyo mwenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2015, akiwa na miaka 84.