Sare (sataranji)

Sare ni matokeo ya mchezo wa sataranji usio na mshindi. Kila mchezaji hupata nusu pointi. Hutokea wachezaji wakikubaliana, hali ileile ya ubao ikijirudia mara 3, au mwenye zamu akikosa hatua halali ilhali mfalme wake hajatishiwa. Pia hutokea kete zilizobaki zisipotosha kumfunga mfalme, au kila upande ukicheza hatua 50 bila kete kuliwa wala kitunda kusogezwa.

Sare ni nyingi zaidi kati ya wachezaji wazoefu. Katika pambano la ubingwa wa dunia la 1984–85, Anatoly Karpov na Garry Kasparov walitoka sare michezo 40 kati ya 48. Mwaka 2018, jijini London, Magnus Carlsen na Fabiano Caruana walitoka sare michezo yote 12 ya kawaida. Carlsen akashinda michezo ya kasi 3–0.