Tabibu, Siri Yake na Haki ya Mgonjwa: Walivyoliangalia Waliotutangulia



Baada ya darsa moja tuliletewa swali ambalo muulizaji alilinong'ona badala ya kulisema. Yupo daktari anayewatibu watu wa mtaa wao kwa miaka mingi, na kazi yake inasifiwa. Sasa pamezuka maneno kwamba moyo wake unaelekea kwa wanaume wenzake. Je, mgonjwa Muislamu amkimbie? Na mzee ambaye daktari huyo amemwambia asifunge kwa ajili ya kisukari chake, afunge au asifunge?

Hukumu ya kitendo chenyewe inajulikana na hatuna haja ya kuirudia hapa. Lakini muulizaji hakuuliza kuhusu kitendo. Aliuliza kuhusu mwelekeo, tena mwelekeo wa kusikiwa tu, na kuhusu mkono unaotibu. Haya ni mambo mbalimbali, na mara nyingi watu huyatia katika kapu moja.

Tuanze na zama za Mtume (s.a.w.). Katika Sunan ya Abu Dawud imepokewa kwamba Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alipougua, Mtume alimwelekeza kwa al-Harith bin Kalada wa Thaqif, kwa kuwa ni mtu anayejua utabibu. Wanachuoni wamekhitilafiana iwapo al-Harith alisilimu au la. Khitilafu hiyo peke yake inatufundisha kitu, kwani kilichotajwa katika mapokezi ni ujuzi wake. Vilevile katika Hijra, Mtume (s.a.w.) na Abu Bakr (r.a.) waliweka roho zao mikononi mwa Abdullah bin Urayqit, kiongozi wa njia aliyekuwa bado katika dini ya Makuraishi. Ibn al-Qayyim (aliyefariki 751 Hijria), katika Badai al-Fawaid, alitoa humo dalili ya kujuzu kumtegemea asiyekuwa Muislamu katika utabibu na mfano wake, maadamu ni mwaminifu.

Baghdad ndiko jambo hili lilikopata sura kamili. Mwaka 148 Hijria (765) Khalifa al-Mansur aliugua tumbo, akamwita Jurjis bin Jibril, Mkristo aliyekuwa mkuu wa matabibu wa Gundeshapur. Ibn Abi Usaybia, mwandishi wa tabaka za matabibu, anasimulia kwamba Khalifa alimpelekea vijakazi watatu pamoja na dinari elfu tatu. Jurjis akapokea fedha, akawarudisha vijakazi. Alipoulizwa alisema kuwa katika dini yao mtu huwa na mke mmoja, na maadamu yu hai haongezi mwingine. Al-Mansur akapendezwa, na tangu hapo akamruhusu kuingia kwa wanawake wake kuwatibu.

Tuitazame vizuri habari hii, maana ni jibu la nusu ya swali. Khalifa hakupeleka wapelelezi kuchungua moyo wa tabibu. Aliliona tendo la wazi, lenye kuonyesha kujizuia, akalijengea amana. Kwa hiyo si kweli kwamba mwenendo wa tabibu hauna uzito kabisa, kwa sababu anaingia pasipoingia mwingine na kuona asichoona mwingine. Wenye uzito ni mwenendo wake mbele ya mgonjwa.

Habari ya Hunayn bin Ishaq, mfasiri mkubwa wa vitabu vya tiba, inalitia nguvu hilo. Al-Mutawakkil alimtaka amtengenezee sumu ya kumuua adui. Akakataa, akafungwa mwaka mzima, na alipotolewa akatishiwa upanga. Alisema mambo mawili yanamzuia, dini yake na kazi yake. Khalifa akamwambia kuwa alikuwa akimjaribu tu. Mtihani huo ulikuwa juu ya kitu kimoja, yaani mtu huyu atanidhuru au hatanidhuru?

Kisha ukaja mwaka 319 Hijria (931). Mtu mmoja alikufa Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamuru asitibu mtu ila aliyetahiniwa na Sinan bin Thabit. Wakahudhuria zaidi ya watu 860 kutoka pande mbili za mji, mbali na waliokuwa mashuhuri wasiohitaji mtihani. Sinan mwenyewe alitoka katika ukoo wa Masabai wa Harran. Kwa hiyo mahakimu na mafakihi wa mji ule walitibiwa na watu waliopewa idhini naye. Mtihani ulihusu ujuzi, na msingi wake ni hadithi ya Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya atakachoharibu.

Wapo waliopinga, na haifai kuwaficha. Ibn al-Hajj (aliyefariki 737 Hijria), katika al-Madkhal, aliwakemea vikali watu wa Misri kwa kuwaendea matabibu wa Kiyahudi na Kikristo. Khofu yake ilikuwa hila na madhara. Hata hivyo makemeo yake yenyewe yanashuhudia kwamba Waislamu wa mji ule walikuwa wakiwaendea.

Ama suala la saumu ya yule mzee, hapa madhehebu yetu ya Shafi yana maneno ya ndani zaidi. Maimamu walishurutisha kwamba anayetegemewa katika rukhsa za ibada awe tabibu Muislamu mwadilifu, kwa kuwa kauli yake inagusa faradhi. Baadhi ya waliokuja baadaye wakalegeza: mgonjwa akiridhika moyoni kwamba tabibu anasema kweli, hata akiwa fasiki au si Muislamu, anaweza kuifuata kauli yake. Na uadilifu hauvunjwi na uvumi. Ibn Masud (r.a.) alipoletewa habari za mtu ambaye ndevu zake zilisemwa zinadondoka pombe, alijibu kuwa wamekatazwa kupeleleza, na likidhihiri jambo ndipo watalichukua. Na aya ya 12 ya Suratul Hujurat inajulikana na kila mtoto wa madrasa. Isitoshe, linalopita moyoni bila kutendwa wala kusemwa, umma huu umesamehewa, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim.

Kwa hiyo tulimwambia muulizaji kuwa mzee asikilize ushauri huo. Akiwa na wasiwasi, vipimo vya sukari anavyo nyumbani, na daktari wa pili yupo. Lililobaki ni la sitara. Al-Shayzari, katika kitabu chake cha hisba cha karne ya 6 Hijria, anataka matabibu wote waapishwe kuinamisha macho waingiapo kwa wagonjwa, wasitoe siri na wasivunje sitara. Mgonjwa naye afunue panapohitajika tu, na akipenda aingie na nduguye, awe daktari ni yule au mwingine yeyote. Muulizaji akatuuliza tena, kwa sauti ya kawaida safari hii, kama itambidi awaombe radhi wale aliowapelekea maneno yale. Tulimwambia aanze na daktari mwenyewe kama habari zimemfika, na kama hazijamfika amwombee maghufira na amtaje kwa wema pale pale alipomtaja kwa ubaya.