Betri ni kikosi, si jiwe moja

Wazungumzaji wengi wa Kiswahili nchini huita 'betri' kitu chochote kinachohifadhi umeme, kuanzia jiwe la tochi hadi lile dude zito la gari. Katika soga hakuna ubaya. Hata hivyo, anayetafuta betri mpya ya mashine ya kukatia nyasi au ua isiyotumia waya anaweza kuponzwa na mazoea hayo. Dai langu ni kwamba historia ya maneno yaliyochapishwa kwenye betri ndiyo mwongozo bora wa kuichagua.

Tuanze na neno lenyewe. Tumelitohoa kutoka Kiingereza, nacho Kiingereza kililipata katika Kifaransa, ambako asili yake ni kupiga. Likaja kutaja mizinga iliyopangwa pamoja vitani. Mwishoni mwa miaka ya 1740, Benjamin Franklin wa Philadelphia aliunganisha vyombo kadhaa vya kioo vyenye umeme ili vitoe nguvu kwa pamoja. Mkusanyiko huo akauita betri. Kiasili basi, betri ni kikosi na askari wake mmoja mmoja ni 'seli'. Jiwe la tochi ni seli. Betri ya mashine ya bustani ni seli kadhaa ndani ya ganda moja.

Mnamo 1800, Alessandro Volta wa Italia alitangaza mnara wake wa visahani vya metali vilivyotenganishwa kwa vipande vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Jina lake limezaa 'volti', na la Mfaransa André-Marie Ampère likazaa 'ampea'. Vipimo hivyo viliidhinishwa katika kongamano la kimataifa la Paris mwaka 1881. Fikiria tangi la maji. Volti ni msukumo wa maji, ampea ni wingi wa maji yanayopita kwa wakati mmoja, na ampea-saa ni ujazo wa tangi.

Kampuni ya Black & Decker ilitoa keekee isiyo na waya mwaka 1961, na mwaka uliofuata ikatoa mashine ya kukatia ua. Zilitumia seli za nikeli na kadimiamu, kila moja volti 1.2. Sony ilipoanza kuuza betri za lithiamu mwaka 1991, mambo yakabadilika, kwani seli moja ya aina hiyo hutoa takriban volti 3.6.

Hapa ndipo penye mtego. Zidisha 3.6 kwa 5, upate 18. Seli hizo hizo zikiwa zimejaa chaji hukaribia volti 4 au kupita kidogo, nawe unapata 20. Ndiyo maana baadhi ya kampuni huandika 20 Marekani na 18 Ulaya, ilhali kikosi ni kile kile! Kijana mmoja anayekata nyua za kayaba mtaani kwetu aliuziwa ya 20 kwa bei ya juu, akiambiwa eti ina nguvu kuliko yake ya 18. Kumbe hata haikuingia kwenye mashine yake. Kibarua cha siku kadhaa kikaenda hivyo.

Kwa hivyo, msomaji, hakikisha volti na umbo la betri vinaafikiana na mashine. Ampea-saa unaweza kuongeza iwapo mtengenezaji anaruhusu: ya 4 hufanya kazi karibu mara mbili ya ile ya 2, ila mkono utahisi uzito. Chaja ya zamani ya nikeli usiitumie kwa lithiamu, maana inaweza kuwasha moto.

Walimu na watunzi wa kamusi nao watenganishe 'seli' na 'betri', kisha wafafanue 'volti' na 'ampea-saa' kwa mifano ya nyumbani. Maneno haya tumeyatohoa kitambo. Kilichosalia ni kuyafafanua, ili kijana wa kayaba ajisomee kibandiko mwenyewe kabla hajatoa pesa mfukoni.